SHERIA YA MASOMO: WAULIZENI KWANZA WALIMU, WAZAZI NA WANAFUNZI

Ndugu wasomaji wa Kamina, ninyi wa njia ya reli, ninyi wa soko, na ninyi mnaoshuka mpaka Kolwezi na Likasi kutafuta kazi ya mgodi: leo tunataka kusema nanyi juu ya neno moja tu. Neno hilo ni sheria ya masomo ya watoto wetu, na hasa namna sheria hiyo inavyotengenezwa. Nani anaitwa pale inapoandikwa? Nani anaulizwa? Na nani anaisikia siku ile tu inapokwisha kutiwa sahihi?

Tunasema wazi tangu mwanzo. Sheria ya masomo isipigiwe kura, Kinshasa wala hapa Kamina, kabla walimu, wazazi na wanafunzi hawajasomewa maandiko yake na kutoa shauri lao. Wasomewe kwa lugha wanayoisikia. Wajibiwe kwa maandishi. Hatuombi zawadi. Tunaomba haki ya watu ambao sheria hiyo itaingia nyumbani mwao kila asubuhi, mtoto anapochukua daftari lake na kuondoka.

Wafanyakazi wa madini watatuelewa upesi. Mwaka 2018 serikali ilikuwa inageuza sheria ya madini. Makampuni makubwa hayakuipenda sheria mpya. Je, wakubwa wao walikaa kimya wakingoja kuisoma katika gazeti la serikali? Hapana. Tarehe 7 mwezi wa tatu 2018 wakubwa hao walifika Kinshasa, wakaketi na Rais Joseph Kabila kwa masaa mengi, wakasema yote yaliyokuwa moyoni mwao. Siku mbili baadaye, tarehe 9, sheria ikatiwa sahihi. Hawakupata yote waliyoyataka, lakini walisikilizwa.

Na sheria ile ile ya 2018 inaweka neno jingine jema. Kampuni yenye mgodi sherti iketi na wanainchi wanaokaa karibu na mgodi, waandikiane mapatano juu ya shule, hospitali, barabara na maji. Kwa hiyo katika maneno ya mawe, tajiri ana kiti chake na mwanakijiji ana kiti chake. Tunauliza basi: kiti cha mwalimu kiko wapi katika maneno ya masomo? Kiti cha mama anayeuza mihogo ili anunue daftari kiko wapi? Je, kobalti inastahili mazungumzo kuliko mtoto?

Wengine watasema kwamba maneno ya masomo ni ya wenye elimu kubwa, wanaojua kuandika sheria. Tuwajibu kwa historia, maana historia ya masomo katika inchi hii ni historia ya watu waliopanga bila kuuliza.

Mwaka 1906 serikali ya mfalme Leopold II ilipatana na Roma, na wamisionari wakapewa ardhi na kazi ya kufungua shule. Hakuna mzazi Mkongo aliyeulizwa. Baadaye, tangu 1925, serikali ya Ubelgiji ilipanga kutoa feza kwa shule za misioni zake, na hizo zilikuwa za Kikatoliki. Misioni za Kiprotestanti zilingoja feza hiyo mpaka mwaka 1948. Miaka yote hiyo mtoto wa Mmetodisti na mtoto wa Mkatoliki waliishi mji mmoja, baba zao wakalipa kodi moja. Mwaka 1954 waziri Auguste Buisseret alianza kufungua shule za serikali, zisizo za misioni, kwa watoto weusi. Wasomi wengi wa Kongo walizifurahia. Lakini ugomvi uliofuata ulikuwa ugomvi wa vyama vya Ubelgiji, na mtoto wa Kongo alikuwa kama mpira katikati ya wachezaji. Matunda ya mipango hiyo tuliyaona tarehe 30 mwezi wa sita 1960: inchi yote kubwa hii ilipata uhuru ikiwa na Wakongo waliomaliza universite chini ya 30.

Lakini kosa hilo si la wakoloni peke yao. Mwisho wa mwaka 1974 utawala wa Mobutu ulitwaa shule za makanisa na kuzifanya za serikali. Kisha tarehe 26 mwezi wa pili 1977 utawala ule ule ulitia sahihi mapatano na makanisa, na shule zikarudi mikononi mwao. Zilikwenda kwa amri na kurudi kwa mapatano ya wakubwa. Mwalimu alibaki darasani akingoja kujua bwana wake mpya ni nani.

Watu wa mgodi wanajua pia kwamba kuulizwa kwenyewe kunaweza kuwa mchezo. Mwaka 1946 wakoloni waliunda mabaraza ya wafanyakazi weusi ndani ya makampuni, Union Minière nayo ikiwa na ya kwake. Mfanyakazi aliitwa kuketi na kusema, lakini nguvu ya kukata shauri ilibaki kwa mkubwa wa kampuni. Mabaraza ya namna hiyo hatuyataki tena. Ndiyo maana tunasema kuuliza peke yake hakutoshi. Anayeuliza sherti atoe jibu, tena jibu lililoandikwa.

Inchi yetu ina mfano wake. Mwanzo wa mwaka 1996 kulikuwa na mkutano mkubwa wa taifa juu ya masomo. Watu walikuja, walisema, maneno yaliandikwa. Lakini sheria ya masomo iliyokuwapo, ile ya mwaka 1986, iliendelea kutawala mpaka tarehe 11 mwezi wa pili 2014, ilipotoka sheria ya sasa. Tangu mkutano mpaka sheria ilipita miaka 18. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa mkutano alikuwa amekua mtu mzima. Mkutano usio na siku ya jibu hufa, na watu hukata tamaa ya kuitwa tena.

Sasa tuje kwa maneno yanayotuuma leo. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni ya bure. Neno hilo ni zuri, nasi tunalitetea. Kabla yake wazazi walikuwa wamebeba mzigo mzito. Tangu 1992 na 1993, serikali iliposhindwa kulipa walimu na walimu wakaweka chaki chini, maaskofu Wakatoliki na wazazi walipatana kwamba wazazi watoe feza ya kumshika mwalimu. Mapatano yale yaliokoa shule zisifungwe. Lakini dawa ya muda ikawa chakula cha kila siku. Miaka zaidi ya 25 mtoto wa mwenye feza aliingia darasani, mtoto wa asiye nayo akarudishwa nyumbani katikati ya somo. Wafanyakazi wa Gécamines wanalijua hilo sana. Zamani kampuni ilisomesha watoto wao. Kampuni ilipoanguka, na zaidi ya 10,000 kati yao walipoachishwa kazi mwaka 2003 na 2004, baba aliyekuwa halipi kitu akajikuta mlangoni pa shule na mkono mtupu.

Mwezi wa tisa 2019 serikali ya Rais Félix Tshisekedi iliamua kwamba neno la Katiba litimizwe. Mamilioni ya watoto wakaingia shuleni. Hiyo ni kazi kubwa, na asiyeisifu hana haki. Lakini tazameni jinsi ilivyoingia. Madarasa yalijaa mpaka watoto wakaketi chini. Walimu wengi hawakuwa katika orodha ya mishahara. Hao ndio tunaowaita walimu wa N.U., yaani wanaofundisha lakini jina lao bado halijafika Kinshasa. Na wale waliokuwa wakishikwa na feza ya wazazi katika shule za mijini waliona mapato yao yakipungua. Migomo ikafuata, mwaka huu na mwaka ule. Mwezi wa tisa 2024 mwaka wa masomo ulipofunguliwa, katika shule nyingi za inchi walimu hawakuingia darasani.

Ni kweli kwamba mwezi wa nane 2019 kulikuwa na mkutano Kinshasa juu ya mpango huo. Lakini mkutano ulifanyika mwezi wa nane, na shule zilifunguliwa mwezi wa tisa. Direkta wa shule ya Kabongo au ya Malemba-Nkulu angeweza kuhesabu viti vyake na kusema ana nafasi ya watoto wangapi. Angeweza kutaja walimu wake wasiolipwa, mmoja mmoja. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Inahitaji mtu wa kuuliza, na muda wa kungoja jibu. Wazee wetu walisema: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.

Basi nani analala juu ya kitanda hiki?

Wa kwanza ni mwalimu. Sheria ya 2014 inasema lugha zetu za taifa zitumike katika kufundisha, na Kiswahili ni moja ya hizo nne. Hapa Kamina mtoto anasema Kiluba na bibi yake, Kiswahili sokoni, na Kifaransa anakikuta ubaoni. Mwalimu wa darasa la kwanza ndiye anayejua siku gani mtoto anaacha kukariri kama kasuku na kuanza kufahamu. Ndiye anayejua kama vitabu vya lugha hiyo vimefika au vimebaki katika maneno ya sheria. Mtu akiandika kifungu juu ya lugha bila kumuuliza huyu, anaandika gizani.

Wa pili ni mzazi. Sheria hiyo hiyo imeunganisha miaka sita ya msingi na miaka miwili inayofuata, ikaita miaka yote minane masomo ya chini ya kila mtoto. Lakini Katiba inapotaja bure inataja masomo ya msingi. Mzazi anataka kujua jambo rahisi: mtoto wangu akimaliza darasa la sita, nitalipa au sitalipa? Na kama nitalipa, ni kiasi gani, kwa nani, na kwa karatasi gani? Neno lisiloandikwa wazi katika sheria, mtu fulani atalijaza kwa faida yake. Anayetoa feza hiyo ndiye anayejua mahali panapofichwa ulaji.

Wa tatu ni mwanafunzi mwenyewe. Hapa wazee wengi watacheka na kusema, mtoto atajua nini? Tunawajibu kwa heshima. Mtoto ndiye anayejua kilometa anazotembea, na mto unaojaa wakati wa mvua. Binti ndiye anayejua kama choo cha shule kina mlango, na kwa nini rafiki yake aliacha masomo. Tena si neno letu sisi. Inchi yetu ilikubali mwaka 1990 mapatano ya mataifa juu ya haki za mtoto, yanayosema mtoto mwenye akili ya kupambanua asikilizwe katika mambo yanayomhusu. Na sheria ya Kongo ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya kulinda mtoto imelishika neno hilo. Kumsikiliza mtoto hakuondoi heshima ya mzee. Mzee anayesikiliza ndiye anayekata shauri vizuri.

Jirani zetu wamejaribu. Kenya, mwaka 2022, watu walilalamika juu ya mpango mpya wa masomo. Rais William Ruto akaweka tume chini ya Profesa Raphael Munavu, nayo ikapita katika kaunti zote 47 ikipokea maneno ya watu. Jambo kubwa lilikuwa darasa la saba mpaka la tisa: je, watoto hao wadogo wapelekwe shule za sekondari, mbali na nyumbani, au wabaki pale wanaposomea? Mwisho wa mwaka ule ikaamuliwa wabaki katika shule za msingi. Hatusemi kwamba Kenya imemaliza taabu zake. Mwaka 2024 walimu wa madarasa hayo hayo, walioajiriwa kwa muda, waligoma wakidai kazi ya kudumu. Kuuliza watu hakuleti feza ya mishahara. Lakini kunazuia wakubwa kusema kwamba hawakujua.

Tunajua majibu yatakayoletwa. Wa kwanza atasema: wabunge wamechaguliwa na watu, inatosha. Tunajibu: mbunge alichaguliwa kwa miaka mitano na kwa mambo mia moja. Katika jambo hili moja arudi aulize, kama mjumbe anayerudi kijijini kabla ya kukata neno zito.

Wa pili atasema: makanisa yanasimamia shule nyingi, nayo yanaketi na serikali. Ni kweli, na kazi yao tunaiheshimu. Bila makanisa mji huu usingekuwa na shule ulizo nazo. Lakini msimamizi wa shule ni mmoja, mwalimu wake ni mwingine, na mzazi ni mwingine. Mara nyingi wanapendana, lakini haja zao hazifanani siku ya mshahara.

Wa tatu atasema: kazi hiyo itakula feza na wakati. Tunajibu: hesabuni kwanza gharama ya mgomo wa mwezi mmoja, watoto wakizunguka barabarani. Karatasi na redio ni rahisi kuliko hiyo.

Tena wanainchi wa Haut-Lomami wasitazame Kinshasa peke yake. Tangu mwaka 2015 Kamina ni mji mkuu wa jimbo, na jimbo lina bunge lake. Katiba, kifungu cha 204, inaweka masomo ya watoto wadogo, ya msingi na ya sekondari katika kazi za jimbo, kwa kufuata kanuni za serikali kuu. Maana yake mlango wa kupiga hodi uko hapa hapa mjini. Mtu wa Kamina hana haja ya kupanda ndege ili asikike.

Basi tunaomba mambo matano, na kila moja linawezekana.

1. Kila maandiko ya sheria ya masomo, ya taifa au ya jimbo, yatolewe miezi miwili kabla ya kura, yasomwe redioni na mikutanoni kwa Kiswahili na Kiluba, katika teritwari zote tano: Kamina, Kabongo, Bukama, Kaniama na Malemba-Nkulu. Tena isiwe wakati wa likizo, shule zikiwa zimefungwa.

2. Walimu wa kila shule wakutane peke yao, waliolipwa na wa N.U. pamoja, waandike shauri lao. Asiadhibiwe mtu kwa neno alilosema.

3. Komite za wazazi ziite wazazi wote, si wajumbe wake tu. Mkutano ufanyike saa ambayo mfanyakazi ametoka kazini na mama ametoka shambani. Waitwe pia wazazi ambao watoto wao wameacha masomo, maana hao ndio wanaojua mlango wa kutokea.

4. Wanafunzi wa darasa la sita na wa sekondari wachague wenyewe mvulana mmoja na msichana mmoja wa kusema kwa ajili yao.

5. Wabunge watoe jibu lililoandikwa: neno gani limekubaliwa, neno gani limekataliwa, na kwa sababu gani.

Hilo la tano ndilo kubwa. Bila hilo, manne ya kwanza yatakuwa baraza la mwaka 1946 lililovaa nguo mpya.

Na wakikataa kutuita? Hatuna haja ya kupiga mawe wala kuchoma tairi. Katiba, kifungu cha 27, inampa kila Mkongo, peke yake au pamoja na wenzake, haki ya kuandikia wakubwa wa serikali maombi yake, nao sherti wajibu katika miezi mitatu. Kifungu hicho wengi hawakijui, na kwa sababu hawakijui hakifanyi kazi. Tukifanye kifanye kazi. Shule moja ikiandika, barua inaweza kupotea. Shule za mji wote na za teritwari tano zikiandika siku moja, kila moja ikibaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, nani atasema hakuiona?

Mwanzo wa mwaka 1960 baba zetu waliketi Bruxelles katika Meza ya Mviringo, Jason Sendwe wa Balubakat akiwa mmoja wao, kwa sababu walikataa mambo ya Kongo yakatwe bila Wakongo. Neno lile halikuwa la Wabelgiji tu. Linamhusu kila mkubwa anayeandika sheria ya watu bila watu, hata akiwa ndugu yetu.

Walimu, andikeni hesabu ya madarasa yenu. Wazazi, dai komite zenu ziitishe mkutano kabla mwezi huu haujakwisha. Wafanyakazi wa mgodi, ninyi mnaojua jinsi ya kuketi na kampuni na kuandikiana neno, njooni mtufundishe namna ya kuketi na serikali.